Mama Vifungo na katibu wake wa mbali

Asubuhi na mapema, mlango wa duka la ushonaji umefunguliwa nusu na mwenye duka ameshaketi kwenye cherehani. Pini ziko mdomoni, mguu uko kwenye pedeli, na mikono yote miwili inasukuma kitambaa cha zambarau chini ya sindano. Ukimsalimu, anakujibu kwa nyusi.

Simu ya duka haipo karibu naye. Inaita katika mji mwingine kabisa, mwendo wa kutwa nzima kwa basi, mezani kwa binti ambaye mama huyu hajawahi kumwona ana kwa ana. Binti anapokea, anajitambulisha kuwa ni katibu wa duka, anauliza mteja anataka kushonewa nini na kumpangia siku ya kuja kupimwa. Huku nyuma cherehani haisimami hata kidogo.

"Zamani ningekuwa nimeshazitema hizi pini nikapokee simu," anasema mama huyo, akizichomeka moja moja kwenye kimto cha pini kilichofungwa kwenye mkono wake wa kushoto. "Nikirudi, nazitafuta sizioni. Nyingine nimeziona kwa kuzikalia."

Wateja humwita Fundi wakiwa mbele yake. Akigeuza mgongo, wanamwita Mama Vifungo, na jina hilo analijua. Kwa zaidi ya miaka ishirini, kila aliyeulizia nguo yake alijibiwa jibu moja, kwa tabasamu na uso mkavu: "Imebaki vifungo tu." Nguo yenyewe huenda ilikuwa bado kitambaa kilichokunjwa ndani ya mfuko wake wa plastiki, hakijaonana na mkasi. Jibu lilikuwa lilelile.

Tusimwonee. Tabia hiyo wengi wetu tunaijua, maana tumeshakaa kwenye mabenchi ya mafundi tukingoja suruali tuliyoambiwa iko kwenye pasi. Ila mama huyu aliifanya kwa ustadi kuliko wenzake, na hata wateja waliokuwa wanajua walitoka dukani wakicheka.

"Mimi niliona namtuliza mtu," anasema. "Ukimwambia hujaanza, anaumia. Ukimwambia vimebaki vifungo, anakwenda nyumbani ana furaha. Sasa kosa langu liko wapi?"

Duka lake ni chumba kimoja chenye pazia katikati. Mbele kuna cherehani mbili, meza ya kukatia yenye alama za chaki zilizogoma kufutika, na bomba la chuma linalotoka ukuta hadi ukuta, ambako nguo hutundikwa. Nyuma ya pazia kuna pasi, mabaki ya vitambaa na kiti cha kubadilishia nguo. Kwa miaka mingi kila kitu humo alikifanya peke yake: kupima, kukata, kushona, kupiga pasi, kubishana bei na kupokea simu.

Simu ndiyo iliyomshinda. Akiwa anakata, haiwezekani kusimamisha mkasi katikati ya kitambaa cha mtu. Akiwa anashona, haisikii. Jioni alikuta watu waliompigia wamejaa tele, na akiwapigia, wengine walishakwenda kwingine.

Siku moja alikuwa mlangoni akipunga upepo, akaona msafara wa harusi unapita. Shangazi wa bibi harusi, mteja wake wa siku nyingi, alikuwa mbele na kundi la wanawake waliovaa sare. Sare hizo hakuzishona yeye. Wiki chache kabla, shangazi alikuwa amempigia simu asubuhi nzima bila kupokelewa, akaamua kwenda kwa fundi wa mtaa wa pili.

"Pindo zilikuwa zimepanda upande mmoja," anakumbuka, na uchungu bado uko usoni. "Niliumia mara mbili. Kazi nimeikosa, halafu imeshonwa vibaya."

Mdogo wake, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyemletea wazo. Alimweleza kuwa siku hizi kuna watu wanaofanya ukatibu wakiwa majumbani mwao kwa simu na kompyuta. Unawalipa kwa mwezi, wanakupokelea simu na kukujibia ujumbe. Mama Vifungo hakukubali upesi. Aliuliza inakuwaje amlipe mtu ambaye hajaona hata ukucha wake. Mumewe, seremala mwenye ulimi mwepesi, aliposikia alisema mkewe sasa anataka kuajiri redio.

Hata hivyo alipiga moyo konde. Akapewa namba ya binti mmoja, wakazungumza, wakakubaliana mwezi wa majaribio. Malipo yalikuwa sawa na anachopata kwa kushona magauni mawili ya harusi. Kwa duka kama lile hilo si jambo dogo.

Binti mwenyewe nimezungumza naye kwa simu. Ana sauti ya taratibu, na kila baada ya muda huomba radhi akamgeuze mama yake kitandani. Mama huyo alipata kiharusi miaka mitatu iliyopita, na binti, aliyekuwa karani wa mapokezi kwenye kampuni moja, aliacha kazi ili amuuguze.

"Nilidhani maisha yangu yameishia humu chumbani," anasema. "Yule fundi alikuwa mteja wangu wa kwanza. Kama angenikataa, sidhani kama ningejaribu tena."

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri kupita matarajio. Simu zilipokelewa, ujumbe ulijibiwa, wateja wapya walianza kuja. Wengi waliamini katibu anakaa nyuma ya pazia. Bibi mmoja alimwachia huyo binti wa nyuma ya pazia machungwa, kwa kuwa alimsikia ana kikohozi. Mama Vifungo aliyapokea kwa shukrani, akayala, na siku ya pili yake akamweleza binti kwa simu, wakacheka hadi machozi.

Kila jioni binti alipiga simu kuuliza kazi zimefikia wapi. Suti ya mwalimu je? Imebaki vifungo tu. Sketi za wale dada wa benki? Zimebaki vifungo tu. Gauni la mama wa bibi harusi, ambaye harusi ya mwanawe ni wiki ijayo? Hilo nalo, vifungo tu.

Mama Vifungo anaapa kuwa hakukusudia kumdanganya. Mdomo ulishazoea, ukawa unajibu wenyewe kabla kichwa hakijafika.

Binti naye alifanya ambacho katibu yeyote mwenye bidii angefanya. Aliona kazi nyingi zimebakiza jambo dogo, akaona ni aibu zikae dukani. Siku ya Ijumaa akawaandikia wateja wote kwa adabu kwamba nguo zao zitakuwa tayari kesho asubuhi na wanakaribishwa kuzichukua. Hakumshirikisha bosi wake, kwa sababu alitaka kumfurahisha.

Jumamosi Mama Vifungo alifika akakuta watu wamejaa barazani kama wanangoja kupiga kura. Alifikiri kuna msiba. Alipowauliza, wakamwonyesha simu zao.

Alifungua mlango, watu wakaingia, na macho yote yakaelekea kwenye lile bomba la chuma, ambako palikuwa na nguo nne. Mifuko ya vitambaa ambavyo havijaguswa ilikuwa imepangwa chini ya meza, na kila mtu aliweza kuutambua wake. Mwalimu aliuona mfuko wake, akauinua, akauweka chini.

Mama mmoja mnene, mcheshi, aliuliza swali ambalo mtaani bado linasimuliwa. Gauni alilolitaka lina zipu mgongoni, tena halina kifungo hata kimoja. Je, vifungo vilivyobaki ni vya nani? Watu wakaangua kicheko, na kicheko hicho ndicho kilichomuumiza Mama Vifungo kuliko matusi.

Mama wa bibi harusi hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye benchi, mfuko wa kitambaa chake mapajani, macho yamejaa. Alikuwa ameshawaambia ndugu zake wote kuwa gauni liko tayari.

Mama Vifungo alipita nyuma ya pazia, akampigia binti simu kwa hasira, akiwa ameshaamua kumfukuza. Alimwambia amemwaibisha mbele ya dunia nzima, kwamba hakuna aliyemtuma, na kwamba kuanzia siku hiyo asiguse tena simu ya duka.

"Mama," alisema binti alipopata nafasi, "mimi meza yako siioni. Naona kile unachoniambia, basi."

Mama Vifungo anasema hapo ndipo alipoelewa. Miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia maneno yale watu wanaoweza kutupia jicho ndani ya duka, wakapima wenyewe na kukata robo tatu ya alichosema. Huyu wa mbali hakuwa na cha kupimia. Alikuwa amemwamini neno kwa neno, na inawezekana alikuwa mtu wa kwanza kufanya hivyo.

"Nilijisikia vibaya, kaka," ananiambia. "Nilikuwa namfukuza mtoto wa watu kwa kosa la kuniamini."

Akatoka nje ya pazia. Hakuwa na pa kuficha uso, akaona bora amalize. Alimwambia kila mmoja kazi yake ilikofikia. Huyu, nimekata tu. Wewe, bado kola. Wewe, mwalimu, sijagusa, unisamehe. Mwisho alifika kwa mama wa bibi harusi.

"Kitambaa chako sijakikata, dada yangu. Nilikuongopea. Ukiniachia, nitaweka vingine vyote pembeni nishone hiki. Ukikichukua, sitakulaumu."

Wateja kadhaa walikuwa wameshachukua mifuko yao na kuondoka. Wengine walisimama kusikia jibu, na Mama Vifungo alielewa kuwa akiondoka huyu, duka limekwenda naye.

Mama wa bibi harusi alikikunjua kitambaa, akakitazama, akakikunja tena. Kisha akauliza yule msichana anayepokea simu yuko wapi. Ikabidi aelezwe kwamba hayupo nyuma ya pazia, wala katika mji huo.

"Nakuachia," alisema. "Lakini habari za gauni langu nitazipata kwake. Wewe usiniambie kitu."

Kabla ya watu kutawanyika, Mama Vifungo alimpigia binti tena, akamwomba radhi wakiwa wanasikia. Binti alikubali kuendelea kwa sharti moja. Kila jioni kabla ya kufunga duka, atumiwe picha: bomba la chuma, meza ya kukatia na mifuko iliyo chini ya meza. Atakachokiona ndicho atakachowaambia wateja.

Picha ya kwanza ilitumwa jioni ileile. Gauni la mama wa bibi harusi lilionekana vipandevipande mezani, chaki bado mbichi. Binti akamwandikia mwenyewe: "Limekatwa leo. Kesho linaanza kushonwa." Alhamisi iliyofuata mama huyo alilijaribu nyuma ya pazia, akatoka nalo, akajigeuza mbele ya kioo na kumkumbatia fundi pamoja na pini zake.

Tangu hapo mambo yamebadilika, ingawa si kwa muujiza. Kuna wateja walioondoka siku ile ambao hawajarudi, na akikutana nao njiani bado huinamisha macho. Wapo pia walioona ujumbe wa "kitambaa chako bado hakijakatwa, tutaanza Jumatano" wakadhani ni utani. Wakaja Jumatano, wakakuta kinakatwa. Hao ndio walioleta wenzao, hadi ile cherehani ya pili iliyokuwa meza ya kuwekea chai sasa ina fundi wake, mama aliyekuwa akishonea nyumbani.

Mwalimu alirudi, suti yake ameivaa. Hata yule shangazi wa msafara wa harusi amerudi, na sare zilizotundikwa leo, za zambarau, ni zake.

Binti naye amepata kazi mbili zaidi, kwa muuza samani na kwa daktari wa meno, wote wameelekezwa na wateja wa duka hili. Kwa mapato hayo analipa mtu wa kumfanyisha mama yake mazoezi ya viungo. Mama ameanza kushika kijiko mwenyewe. Binti anaponieleza hilo, analia kidogo bila kujificha.

Kuna jambo moja zaidi. Mwezi ujao dada wa binti atakaa na mama yao kwa siku chache, naye binti atapanda basi aje alione duka ambalo amelisemea kwa mwaka mzima. Mama Vifungo anamshonea gauni. Vipimo alivichukua kwa simu: binti alijizungushia kamba, akafunga fundo kila walipokubaliana, kisha akailaza kamba kwenye rula. Mumewe seremala anasema gauni lililopimwa hivyo litatoka kabati. Mama Vifungo anasema mumewe atanyamaza siku akiliona. Mpango wake mwingine ni kwamba, binti akifika, wakae wazungumze namna ya kuwafundisha kazi hiyo wanawake wengine waliofungwa nyumbani na wagonjwa wao. Mafundi wenye simu zinazoita bila kupokelewa anawajua wengi.

Jioni inaingia. Fundi wa pili ameshaondoka. Simu yake mwenyewe inaita, ni binti, na anauliza kazi moja baada ya nyingine, naye anajibiwa moja baada ya nyingine. Mwisho anauliza, kwa aibu kidogo, na lake je?

"Limebaki vifungo tu," anasema Mama Vifungo.

Upande wa pili sauti ya taratibu inajibu: "Nitumie picha, Mama."

Mama Vifungo anacheka, anainua simu na kupiga picha. Gauni la kijani limetundikwa peke yake mwisho wa bomba, limepigwa pasi, pindo limenyooka, na kifuani matundu yote yameshatobolewa. Vifungo vyenyewe viko kwenye kisahani juu ya meza. Anasema hivyo havishoni mpaka mwenye gauni asimame hapa mbele yake.