Raba za Safari ya Butiama

Mimi makelele siyapendi, na gari langu la haisi lilikuwaga na makelele mpaka majirani wa Guta walijua narudi kabla sijafika. Raba zinazokaa juu ya springi, zile za kuzuia chuma kisigonge chuma gari likididimia, zilikuwa zimelika zote. Kila tuta, gu! Nikiwa na marobota ya pamba sijali. Lakini sasa nilikuwa nambeba mke wangu, na kansa ilikuwa imemwingia kwenye mifupa ya mgongo.

Hospitali Musoma walipotuambia kilichobaki ni kutuliza maumivu tu, aliomba kitu kimoja: nimpeleke Butiama akamwone mama yake, ambaye hawezi tena kusafiri. Nikamwambia kwa hizi gu-gu sikupeleki popote mpaka nitengeneze gari.

Fundi wangu wa Mukendo, pale pale Musoma, akasema raba mpya mpaka ziagizwe Mwanza, nisubiri. Nisubiri nini na mtu anakwisha mbele ya macho yangu? Nikamtukana, nikaondoka. Sokoni Bunda kuna mzee anayetengeneza katambuga, vile viatu vya tairi, akanichongea raba nne kwa tairi la lori. Nikazifunga mwenyewe, nikalijaribu kwenye tuta la shule. Kimya! Aisee, nilishangilia peke yangu barabarani.

Nikatoa viti vya nyuma, nikamtandikia godoro, tukaondoka wawili. Tuta la kwanza nikapaza sauti, "Mama watoto, umesikia?"

"Sijasikia kitu. Kweli umetengeneza."

Basi nani angeninyamazisha? Nikamsema fundi wa Mukendo njia nzima, kwamba anajifanya daktari wa magari kumbe kazi yake kuagiza Mwanza tu. Mke wangu akacheka kidogo. "Wewe na mdomo wako," akasema. Tulipoingia njia ya vumbi ya kwao, yenye mashimo, nikamuuliza tena. Akachelewa kujibu.

"Laini, baba watoto. Laini kabisa."

Nikaendelea kupiga mluzi.

Mama yake alikuwa ameketi mlangoni kwenye mkeka, anatusubiri. Nikafungua mlango wa nyuma nimbebe. Pembe ya kitenge chake ilikuwa imeloa, imetobolewa kwa meno, na ina damu. Jasho lilikuwa limelowesha godoro.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unafurahi," akasema. "Tangu niugue sijakuona unafurahi."

Alilala ubavuni kwa mama yake siku chache, tukamzika huko huko Butiama. Niliumia, na bado naumia, sitadanganya mtu.

Baadaye fundi akanipigia simu, raba zimefika; kumbe aliziagiza hata hivyo. Nikampelekea gari. Matusi yangu alishayasamehe. Akaniwekea moja mkononi, nikaibonyeza, kidole kikazama. Nikabonyeza ile ya tairi aliyoifungua. Wapi! Ngumu kama gogo. Akanieleza taratibu kwamba tairi linaua kelele tu, kishindo chote kinapanda juu kwa aliyelala. Nililia pale gereji mbele ya watu, wakaacha kazi.

Akazifunga zile mpya, akaniambia nikajaribu. Nikapita kwenye tuta, gari likashuka polepole, likainuka, bila kelele, bila kishindo. Nikageuka nyuma kumuuliza mama watoto kama amesikia.