Sauti Iliyotufungia Ndani

Nakumbuka siku moja asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya nepia, majani ya kulishia ng'ombe, mtu akapiga kelele huko chini karibu na ua wa mbuga ya wanyama: "Mbogo! Mbogo ametoka!"

Mwanangu, kwetu Kilimambogo, chini ya mlima, mbele kidogo ya Thika, neno hilo halingoji maelezo. Mbogo akitoka mbugani hasalimii mtu. Unanyakua mtoto aliye karibu, awe wako au wa jirani, unaingia ndani na kuweka komeo mpaka maaskari wa mbuga waje wamrudishe. Basi tukaingia. Mimi nilikuwa msichana aliyeishia darasa la nane, kichwa kimejaa ndoto za kufungua saluni mjini, kwa hivyo nilikaa kitandani nikisuka wateja ambao hawakuwako.

Tulipotoka, zizi la Baba Achieng', jirani yetu wa kutoka magharibi aliyefanya kazi kiwandani, lilikuwa wazi. Ng'ombe hakuna. Na mbogo hakuna aliyemwona.

Wanaume wakaanza kulaumu. "Hao maaskari hulala!" "Ua wenyewe umeoza!" Shosho Wangari, nyanya yangu, aliwaacha waseme. Alizunguka zizi na fimbo yake, akarudi.

"Nionyesheni kwato za huyo mbogo."

Wakainama wakatafuta. Matopeni palikuwa na alama za viatu tu.

"Aa! Mbogo wa kuvaa gambuti! Haya, nani alipiga kelele?"

"Si mimi. Nilidhani ni Kamau."

"Mimi? Mimi nilikuwa chini ya meza!"

Watu wakacheka, hata Baba Achieng' kidogo. Shosho hakucheka. "Mnaazimana chumvi kila siku, na sauti ya mwenzenu hamuijui? Mwizi amewaambia mfunge milango, mkafunga. Alichobakisha ni kuomba chai."

Wahenga walisema adui wa mtu ni mtu. Sisi tulikuwa tumemsahau mtu kwa kumwogopa mnyama.

Shosho akaweka sharti: anayepiga kelele ajitaje jina na aseme yuko kwa nani, na kila mwenye nyumba aitike kwa jina lake. Vijana tukamcheka, eti ametufanya darasa la kuitwa rejista. Lakini karibu na ua alikuwa amebaki ng'ombe mmoja tu, Karembo wetu, mwenye mimba. Maziwa yake ndiyo yaliyowasomesha wadogo zangu. Kila mtu alijua wezi wakirudi watakuja kwa nani.

Na walirudi. Sauti ilitoka hapo nyuma ya migomba yetu: "Mbogo! Ingieni!" Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo. Mama akanisukuma kando, akasimama mlangoni.

"Wewe ni nani? Uko kwa nani?"

Jina halikutoka migombani; majirani ndio walioitika.

"Mimi Baba Achieng', niko kwangu, sioni mbogo!"

"Kamau hapa! Kwangu hakuna, na leo siko chini ya meza!"

"Mama Shiru, nimepanda juu ya tangi, hakuna kitu!"

Majina yakapanda mlima, nyumba kwa nyumba, mpaka madukani. Tulipofika zizini, Karembo alikuwa amesimama, shingoni amefungwa kamba ya wezi, na nepia ilikuwa bado inatikisika walikopitia.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Siku hizi naishi mtaa wa Kimbo, kwenye ploti za kupanga za kuta ndefu, na nyinyi vijana mna group la usalama kwa simu. Mtu anaandika "wezi", wote wanasoma, hakuna anayejibu. Sidharau simu. Ua wa mbuga ujengwe, taa ziwekwe, maaskari wapige doria, na mifugo ikiibwa chifu aambiwe mapema. Lakini hayo yote hayafai kitu kama hamjuani.

Kwa hivyo, mwanangu, ukipewa hofu, muulize anayekupa jina lake. Akinyamaza, usijifungie ndani wala usimkimbilie peke yako; waite wenzako. Na jirani akijitaja, mwitike, hata kama ulimnunia jana.

Mungu akulindie zizi lako na watoto wako. Akuweke kati ya watu wanaoijua sauti yako, na siku utakapoita, mlango wa kwanza ufunguke kabla hujamaliza jina.