Mwaka Watafiti Walipokuja Kutazama Meno Yetu

Mtu anawezaje kumwonea wivu mwenzake kwa jambo lililomwumiza? Nimesoma hadi chuo kikuu, nimefundisha vijana wa watu kwa zaidi ya miaka ishirini, na swali hili bado sijaweza kulijibu. Lilinirudia Juni iliyopita, nilipokwenda Mbulumbulu kumsalimia binamu yangu, binti wa mjomba, ambaye ndiye anayelima sasa shamba la marehemu bibi yetu. Tulikuwa tumekaa uani tunapeta maharage. Nikasema jambo fulani la kipuuzi, naye akacheka, na kama ilivyo kawaida yake akainua ncha ya kanga akaziba mdomo. Nikatambua, msomaji wangu, kwamba hata ule mkono wake unaoinuka kuziba mdomo bado nauonea wivu.

Niruhusu nianze na meno, kwa kuwa bila hayo hutanielewa.

Sikuzaliwa Mbulumbulu. Baba alikuwa dereva katika mashamba ya mkonge huko Tanga, nami nililelewa huko hadi darasa la tatu, ndipo nikaletwa kwa bibi. Nilitoka kwenye joto nikaingia kwenye baridi ya nyanda za juu, ambako ukungu ulishuka kutoka msitu wa Ngorongoro na kulala juu ya ngano mpaka jua lipande. Nilijifunza kuswaga punda wa maji hadi chemchemi, kunywa maziwa ya mgando yenye harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi, na kulala huku nikisikia watu wakipiga madebe kuwafukuza tembo kwenye mahindi. Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni vinywa. Karibu kila aliyezaliwa pale alikuwa na meno ya rangi: mengine kama chai ya maziwa, mengine kahawia iliyokolea, mengine yenye vishimo vidogo vidogo kama jiwe lililonyeshewa mvua miaka mingi. Hakuna aliyejali. Watu walicheka midomo ikiwa wazi kabisa, vichwa nyuma, hadi unaona gego la mwisho. Bibi alipocheka, kuku walikimbia.

Wa ajabu nilikuwa mimi. "Hebu cheka tena, mtoto wa Tanga," wasichana waliniambia kule chemchemini. "Hayo meno mlinunua duka gani?" Binamu yangu ndiye aliyekuwa hodari wa utani huo, ingawa tulilala kitanda kimoja. Mimi nilijilipizia darasani. Nilikuwa wa kwanza kila muhula, naye alikuwa wa mwisho au jirani yake, na kila matokeo yaliposomwa nilimtazama kidogo tu, kiasi cha kutosha.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sabuni ilipokuwa adimu na tukifua kwa majivu, gari la Landrova lilipoingia katika uwanja wa shule yetu. Walishuka watafiti watatu: wazungu wawili na daktari mmoja Mtanzania, mpole, mwenye miwani, aliyetueleza kwa Kiswahili safi kwamba chuo kikuu kilitaka kujua sababu ya meno yetu kuwa kama yalivyo. Sisi hatukujua kama yalihitaji sababu. Walichota maji ya chemchemi katika chupa. Walipita majumbani kuomba magadi, yale mabonge yenye rangi ya waridi tuliyonunua mnadani kwa watu waliotoka bonde la Eyasi, ambayo yalitiwa chunguni ili maharage ya makande yalainike.

"Mnataka magadi yangu?" bibi aliuliza. "Si mwende mnadani mkanunue, nyie wenye gari?"

"Shikamoo, bibi. Tunataka haya haya unayopikia wajukuu," daktari alijibu.

"Marahaba. Basi keti ule makande kwanza, ndipo uyaseme vibaya ukiwa umeshiba." Daktari alikula sahani nzima, akaondoka na kipande cha magadi ndani ya mfuko. Bibi akacheka mpaka mbwa akabweka.

Siku iliyofuata tulipangwa mstari mbele ya darasa la saba. Mtoto aliketi kwenye kiti cha mwalimu, akapanua kinywa, daktari akaingiza kioo kidogo chenye mpini, kisha akatamka namba, na mzungu mmoja akaiandika. Mwalimu mkuu alitueleza kwa fahari kwamba namba hizo ni kipimo cha rangi, kuanzia sifuri hadi tano, na kwamba watakaopata tano watapelekwa Arusha mjini kupigwa picha. Tangu hapo kila namba ilipotajwa palikuwa na shangwe kama mpirani. "Tatu! Nne! Tatu!" Binamu yangu alikaa, akapanua kinywa, daktari akatazama muda mrefu, akamwita mzungu naye atazame. "Tano," alisema. Uwanja ukalipuka.

Nami nilikuwa nyuma yake. Nilipanua kinywa hadi taya likauma. Daktari alitazama mara moja tu. "Sifuri."

Sijawahi kusikia shule ikicheka vile. Mwalimu wa hesabu, ambaye siku zote alinisifia, alicheka akifuta machozi. Tulipofika nyumbani binamu yangu alianza kupiga kelele akiwa bado mlangoni: "Bibi! Bibi! Mjukuu wako msomi leo kapata sifuri! Na mimi wa mkiani nimepata zote!" Akacheza kuzunguka mafiga, kinywa wazi, meno yake ya kahawia yakimeremeta kwa mwanga wa moto, na mimi nikayaona, kwa mara ya kwanza, kuwa ndiyo mazuri kuliko vitu vyote nilivyowahi kunyimwa.

Nilifanya nilichoweza. Nilikunywa maji ya chemchemi hadi tumbo likawa ngoma. Nilimung'unya bonge la magadi kwa siri nyuma ya zizi, nikaharisha usiku kucha. Asubuhi nikamfuata daktari alipokuwa akifunga mizigo.

"Shikamoo, daktari. Nikinywa maji mengi kuanzia sasa, mwakani mtanichukua?"

Hakunicheka. Aliinama hadi macho yetu yakalingana. "Marahaba, mwanangu. Madini yaliyomo katika maji haya hupaka rangi jino wakati bado linajijenga ndani ya ufizi. Yako yalijengeka huko ulikotoka. Umshukuru Mungu." Nikasimama pale nikiwa sina shukrani yoyote. Kumbe hata maji ya Mbulumbulu yalijua kwamba mimi ni wa kuja.

Walioitwa tano walipanda Landrova wakiwa wamepakwa mafuta hadi magotini. Niliachiwa punda wa binamu yangu, zamu yake ya kuni, na harufu ya petroli juu ya nyasi. Kwa siku zote alizokuwa mjini niliishi safari yake badala yake: nilimwona kwenye kitanda chenye shuka nyeupe, nilimwona akila mkate na siagi, nilimwona akizungukwa na wasomi wanaomsikiliza. Sikuwahi kumchukia mtu, na yeye sikumchukia. Nilitaka tu awe mimi, na mimi niwe yeye, angalau hadi Jumamosi, siku yao ya kurudi.

Alirudi akiwa na mkate uliofungwa kwenye gazeti. Nusu alinipa mimi. Niliula kwa kinyongo, na ulikuwa mtamu. Lakini hakusimulia kitu. "Ulionaje?" "Kawaida." "Walikupiga picha?" "Walinipiga." Nikaamua anaringa. Jioni bibi alitoa moja ya vichekesho vyake kuhusu jirani yetu na punda wake, na binamu yangu, aliyekuwa akicheka kama mlango uliopigwa teke, aliinua ncha ya kanga akaziba mdomo.

Miaka mingi baadaye, tukiwa watu wazima, aliniambia kilichotokea. Hakuna aliyemtukana. Wauguzi wa pale mjini walikusanyika kumtazama, mmoja akamshika kidevu, akasema, "Masikini, na sura nzuri hivi." Walimwonea huruma tu. Alikwenda akiwa na tano, akarudi akiwa na ugonjwa.

Mimi wakati ule sikujua. Niliona mkono wake ukiinuka, kanga ikikunjika vizuri kwenye shavu, macho peke yake yakicheka, nikadhani ndiyo adabu ya mjini. Nikaiga. Nikawa nami naziba mdomo, mwenye meno kama mchele, hadi bibi akauliza, "Wewe unaficha nini, nawe hata rangi huna?" Wengine waliokwenda Arusha walirudi na mkono uleule. Kufikia mwaka uliofuata wasichana wote wa chemchemi walikuwa wakicheka kwa macho.

Sasa narudi Juni. Tulipokuwa tukipeta yale maharage, alifika binti mmoja mtafiti, kijana, mnyenyekevu, akiwa na tableti mkononi. Alituamkia vizuri, akaeleza kwamba wanawatafuta wote waliopimwa utotoni ili waone mifupa na meno yao yamekuwaje uzeeni, na kwamba kesho yake watakuwa zahanati. Akamtaja binamu yangu. Kisha akanitaja mimi.

"Mimi hamkunichagua," nilisema, na sauti yangu ilikuwa ya mtoto wa miaka kumi.

"Hapana, mama, wewe ulikuwemo tangu mwanzo. Wewe ni wa kundi la kulinganisha. Bila sifuri, hizo tano zisingetuambia lolote."

Msomaji wangu, mimi shahada yangu ni ya takwimu. Jambo hilo ndilo ninalowafundisha wanafunzi wiki ya kwanza kila mwaka. Binamu yangu alicheka ndani ya kanga mpaka ungo ukayumba. "Umesikia? Kumbe siku zote ulikuwa ndani ya gari, dada, hukujua tu."

Yule binti alipoondoka nilimwuliza twende saa ngapi. "Mimi siendi," alisema bila hasira. "Kinywa changu niliwafungulia mara moja, yatosha. Nenda wewe. Si ulikuwa unakitaka kiti kile?" Akaendelea kupeta. Nami, badala ya kumwonea huruma, nikauhisi tena wivu uleule ukinipanda kifuani: yeye alikuwa na kitu cha kuwanyima.

Jioni nilitembea hadi chemchemi. Imejengewa ukuta sasa, na maji ya kunywa yanatoka kwenye matangi ya mvua chini ya mabati ya shule. Watoto wanaozaliwa leo wana meno meupe, shukrani kwa utafiti ule, na ningekuwa mwongo nikisema nasikitika. Maharage yanaivia kwenye sufuria ya presha. Magadi wanapewa ng'ombe. Ila nilisimama pale nikawasikiliza wasichana wakijaza madumu ya maji ya kufulia, wakitaniana, wakicheka, na kicheko chao kilikuwa kizuri na kidogo, cha mtu anayejua kuwa anatazamwa. Kile cha bibi, kilichokimbiza kuku, sijakisikia mahali popote tangu tulipomzika. Daktari alipima maji, akapima magadi, akapima meno. Kicheko hicho hakuna aliyekipima kilipokuwepo, na sasa hakuna cha kulinganisha nacho.

Nilipokuwa nikirudi niliamua. Sikuamua kwa ajili ya sayansi, wala kwa heshima ya binamu yangu, ambaye angefurahi zaidi kama ningebaki kumsaidia kupeta. Asubuhi iliyofuata nilipiga mswaki mara mbili, nikapanda bodaboda hadi zahanati nikiwa wa kwanza kufika, nikaketi kwenye kiti, nikafungua kinywa.