Kidonge Kisicho na Ganda

Nilifukuzwa kwenye ndoa yangu kwa sababu ya kidonge. Cheka kwanza, halafu soma.

Mama mkwe ana presha, na mimi ndiye niliyekuwa nampa dawa. Miaka yote alimeza vidonge vya waridi vyenye ganda jembamba la kuteleza. Funda moja la maji, kwisha.

Siku moja famasi wakaishiwa, wakanipa vya kampuni nyingine. Dawa ileile, ila hivi vyeupe, vikavu kama chaki, ganda hakuna. Vinanata kwenye ulimi, vinaanza kumomonyoka kabla hujameza, na uchungu unakaa mdomoni mpaka mchana.

Akanitemea usoni.

"Unanipa sumu!"

"Mama, ni dawa ileile."

"Ileile ya nani? Mchawi mkubwa wewe!"

Ndipo wifi yangu akatua na kikopo chake. Vidonge vya waridi, vinang'aa. Mama mkwe akameza huku anatabasamu.

"Umeona?" wifi akanicheka. "Dawa ni mkono, shosti. Wa kwako una nyongo."

Mume wangu akasimama mlangoni. "Funga virago. Mama yangu hafii mikononi mwako."

Nikiwa nafungasha, nilichomoa kidonge kimoja kwenye kile kikopo, nikakiweka ulimini. Ganda la dawa nalijua: likiyeyuka tu, uchungu uko chini yake.

Nikasubiri uchungu.

Haukuja.

Kitamu mpaka katikati.

"Hizi ni pipi!" nilipiga yowe. "Huyu hampi mama dawa!"

Mume wangu hata kuonja hakutaka. "Wivu utakuua." Akanisukuma nje, begi likafuata.

Wifi akaniinamia sikioni. "Kwani si anameza?"

Mwezi haukuisha. Mara paap! Presha ikamwangusha mama mkwe. Upande mmoja ukafa, mdomo ukapinda. Wifi akazima simu, akayeyuka. Mume wangu huyo nyumbani kwetu, magoti chini: "Rudi, mke wangu. Mama hana wa kumtazama."

Nikarudi. Roho yangu laini, si unajua.

Asubuhi ya kwanza nilimwinua kichwa. "Pole, mama. Binti yako alikudanganya."

Jicho lake zima likanikazia. Akayavuta maneno, moja moja.

"Nili... jua. Pipi. Nili... taka... uondoke."

Nikatoa kidonge.

Famasi wamesharudisha vile vya waridi. Naviona rafuni kila nikienda. Nanunua vyeupe.

"Fungua mdomo, mama." Namwekea katikati ya ulimi, ndipo naenda kuchukua maji. Taratibu.

Jikoni ni mbali siku hizi.

Funzo? Kabla hujamfukuza anayekupa kichungu, jiulize nani atakushikia kikombe siku mkono ukigoma.