Ubeti wa Tatu wa Shangazi Paulina

Nakumbuka siku ya mnada pale Katesh, wimbo wetu ukiwa na wiki tatu redioni, nilivyotembea kana kwamba Hanang nzima ni shamba langu. Mwanangu, usinicheke. Bibi huyu unayemwona akipalilia vitunguu aliwahi kupiga gitaa la umeme, na watu wakaacha kupima mahindi ili wamsikilize.

Tulikuwa wawili. Mimi nilijifunza gitaa kwenye kwaya ya kanisa, kule Bashay. Mwenzangu, Ramadhani, baba yake alikuwa na duka la vitenge Katesh, naye alipiga dramu mpaka kuku wa jirani wakakataa kutaga. Tulipenda roki, muziki ambao wazee waliuita ugomvi wa vyuma. Tulichokosa ni wimbo. Ndipo nikaukumbuka ule aliouimba shangazi yangu Paulina akikamua: ng'ombe amepotea mlimani, mwenyewe anamwita, haitikiwi. Tukauongezea mwendo, tukapanda basi hadi Arusha kuurekodi. Nilijua beti mbili tu, basi tukazirudia. Fundi mitambo alitusikiliza, akaanza kutikisa kichwa, mwishowe akaacha kiti akacheza. Tukajua tumepata.

Na kweli tulipata. Ulipigwa asubuhi, ukapigwa mchana. Mtangazaji akanihoji: nani ametunga? Nikajibu, "Nimetunga mwenyewe, peke yangu." Ramadhani akanitazama, mimi nikatazama ukuta. Sifa ni tamu, mwanangu, lakini njia ya mwongo ni fupi.

Siku hiyo ya mnada ndipo mahojiano yaliporushwa. Redio ilikuwa juu ya meza dukani kwa kina Ramadhani, watu wamejaa hadi nje. Sauti yangu iliposema "peke yangu," niligeuka nikamwona shangazi mlangoni na kikapu chake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kumbe unaimba vizuri hivi."

Wimbo ukaanza, watu wakacheza, yeye akausikiliza wote. Ulipokwisha akaniuliza taratibu, "Mbona ng'ombe hamjamrudisha nyumbani? Haya, mtunzi, tuimbie ubeti wa tatu."

Duka zima likaningoja. Uso uliniwaka.

"Siujui, shangazi. Wimbo ni wako. Nimewadanganya watu."

Hakunigombeza. Aliweka kikapu chini, akaimba mwenyewe: "Nililia bure, kumbe alijificha azae. Huyoo anashuka, na ndama nyuma yake." Ramadhani akanyakua debe akalipiga, na mnada mzima ukaitikia, "Huyoo anashuka!" Nilicheka huku machozi yakinitoka.

Nilimwandikia mtangazaji ukweli, naye akausoma hewani. Tukarudi Arusha, shangazi katikati yetu ndani ya basi. Fundi alipomwamkia kupitia vile visikizio vya masikioni, shangazi alivivua akavichungulia ndani aone nani anamwita. Tukaurekodi upya, jina lake likitangulia yetu. Wimbo wa mwanzo ulipendwa, huu ulishangiliwa. Maharusi wa Masieda waliingia nao ukumbini. Tulipoupiga Dongobesh, mchana kweupe, wazee wetu wale wale wa "ugomvi wa vyuma" ndio waliotangulia kusimama. Mcheza kwao hutunzwa: shangazi alivishwa mashuka mpaka ikabaki pua.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe unayerekodi nyimbo kwa simu. Ukichukua wimbo wa mtu, mtaje mapema, kabla hujaulizwa. Ukiwa umeshakosea, kiri hapo hapo mbele ya wale wale uliowadanganya. Aibu yake ni ya siku moja. Wala usidhani utapungukiwa. Mimi nilipolitaja jina la shangazi ndipo wimbo ulipokamilika.

Nenda kaimbe. Mungu akuinue, na siku ya kuinuliwa akupe ulimi wa kuwataja waliokubeba.