Rejeta ya Oili na Msafara wa Bibi Harusi

Mimi si mwoga, waulize watu wa Kijenge. Nimeshawahi kushuka mteremko na lori la mchanga, breki zimekufa, nikalilaza kwenye migomba ya watu na nikatoka naulizia chai. Shule nimeishia darasa la saba, tena kwa kusukumwa. Nikaanza utingo, nikawa dereva, na leo ukiona lori la moramu linapita mjini Arusha, uliza la nani, usishangae ukitajiwa mimi. Lakini siku niliyompeleka binti yangu kanisani niliogopa. Naieleza hofu hiyo kwa sababu vijana wenye magari ya mbio hawaachi kuniuliza: mzee, gari langu liwekewe rejeta ya oili au lisiwekewe? Wanataka jibu la neno moja. Jibu langu mimi ni hili lote.

Gari lenyewe ni Mjapani wa milango miwili, la njano kama ndizi mbivu, limelala chini kiasi kwamba ukitaka kushuka unatanguliza mikono. Nyumbani kwetu Nkoaranga, mlimani Meru, hakuna aliyewahi kuleta kitu kama kile. Nikipita nalo, watoto wanakimbia nyuma na wazee wanasimama na majembe yao kuangalia.

Fundi wa gari hilo ni Singasinga wa rika langu. Baba yake alikuwa fundi, na babu yake pia, hapa hapa Arusha, na Kimeru anakiongea kuliko watoto wangu. Siku moja nikamwendea nikamwambia nataka rejeta ya oili, ile inayofungwa mbele, ili oili ya injini ipite humo ipoe kabla ya kurudi kazini. Nilikuwa nimeiona kwenye simu, kwenye magari ya mashindano.

"Ya nini?" akaniuliza.

"Ipoze oili, ya nini tena?"

"Oili yako wewe inachemkia wapi? Unaenda nyama choma, unarudi."

"Gari la mbio bila rejeta ya oili ni kama morani bila rungu."

Akacheka mpaka akaweka spana chini. "Sikiliza, bosi. Mtu wa mashindano, injini yake inalia kutwa nzima, huyo anaihitaji. Oili ikipata moto sana inakuwa nyepesi kama maji, na vyuma vinaanza kusagana. Wewe baridi ya Meru inakutosha. Halafu kitu hiki chakula chake ni upepo. Gari likikimbia, kinapoza. Likitambaa, kinakaa tu, tena kinaiziba rejeta yako ya maji isipate hewa."

"Umeniona lini natambaa mimi?"

"Haya basi. Nikufungie ndogo."

"Kubwa."

Akafunga kubwa, na mipira miwili ya oili yenye nyuzi nyekundu, na geji ya joto kwenye dashibodi. Ilipendeza, sitasema uongo. Wageni walikuwa wakija kwangu, nafungua boneti kabla hawajapewa chai.

Ikaja harusi ya binti yangu wa kwanza. Kamati ilitaka kukodi gari refu jeupe. Nikasimama kwenye kikao nikasema bibi harusi wangu hapandi gari la kukodi wakati baba yake ana gari, na dereva atakuwa baba mwenyewe. Watu wakapiga makofi. Dada yangu, ambaye ndiye shangazi mkubwa, akasema atakaa kiti cha nyuma kumwangalia mtoto. Kile kiti cha nyuma ni cha kuwekea koti, lakini nani angembishia?

Harusi zetu zinajulikana. Mbele inatangulia pikapu iliyojaa wapiga matarumbeta, inafuata gari la bibi harusi, kisha mengine yote yamewasha taa za hatari na honi hazipoi. Mwendo ni wa kucheza, na kila kipilefti lazima kizungukwe mpaka trafiki wachoke. Gari la bibi harusi haliyapiti matarumbeta, hilo hata mtoto analijua. Na kwetu kuna nyongeza, dada yangu aliirithi kwa marehemu mama: gari likishatoka nyumbani na bibi harusi halisimami mpaka mlango wa kanisa. Likisimama njiani, na ndoa itasimama njiani.

Tulitoka kwangu Kijenge, na mjini hakukuwa na shida. Kwenye barabara ya Moshi pikapu ilinyoosha kidogo, upepo ukaingia, mshale wa geji ukalala pale unapotakiwa. Nikamwonyesha binti. "Unaona? Fundi alikuwa hataki."

"Naona, Baba," akasema, na hata hakuangalia. Ni haki yake, alikuwa na mambo yake kichwani.

Tukaiacha barabara ya Moshi tukaanza kupanda Nkoaranga. Hapo wanawake wakatoka kwenye migomba na vigelegele, wakaizingira pikapu, wakawa wanacheza mbele yake wakirudi kinyumenyume. Pikapu ikaenda kwa mwendo wao. Na mimi nyuma yake, mlima umesimama, gia ya kwanza, klachi nusu, injini inaunguruma na gari haliendi. Ukungu ulikuwa umeshuka. Binti alijifunika khanga mabegani kwa baridi. Mshale ukaanza kupanda.

"Baba, mbona unatoka jasho?"

"Furaha."

Mshale ukaingia kwenye nyekundu. Kisha ikaja harufu.

Nilipokuwa utingo niliona lori la mbele yetu likiungua. Halikuanza na moto, lilianza na harufu ya oili iliyodondokea ekzosi. Dereva akasema ni harufu tu, tufike kwanza pale juu. Alitolewa akiwa hai, lakini mkono wake mmoja haukushika tena usukani. Harufu ile haijawahi kutoka puani mwangu, na sasa ilikuwa inaingia kupitia matundu ya hewa ya gari langu mwenyewe, na mtoto wangu yuko pembeni.

"Kaka, nini kinanuka?" dada akauliza kutoka nyuma.

"Klachi."

"Klachi ndiyo inanuka kama chapati iliyoungua?"

Nilikuwa naangalia gauni. Kitambaa kile cha wavu, tabaka kwa tabaka, kilikuwa kimejaa sehemu yote ya mbele, kimepanda mpaka kwenye gia, kimefunika mkono wangu wa kushoto. Kitambaa cha namna hiyo hakiungui kama pamba, kinayeyuka kwenye ngozi. Na gari lina milango miwili. Dada yangu hawezi kutoka mpaka kiti cha mbele kilazwe, na kiti hakilazwi mpaka binti ashuke, na binti hashuki bila kuvutwa. Nikalipigia hesabu hilo jambo kichwani, nani ataanza, nani atafuata, na kila nikihesabu kuna mtu anabaki ndani.

Nikapiga honi. Nilipiga kwa nguvu zangu zote. Wale wa matarumbeta wakafikiri nimenogewa, wakageuka wote wakanipulizia mimi, wanawake wakajibu kwa vigelegele, na magari yote nyuma yakapiga honi kunijibu. Niwashe taa za hatari? Zilikuwa zinawaka tangu Kijenge. Nitoe mkono dirishani? Niliutoa, nikapungiwa. Mjomba mmoja alikuja akicheza mpaka dirishani, akanishika mkono akautikisa: "Baba mkwe! Leo ni leo!" Nikamwambia, "Waambie wapishe njia." Akasema, "Amina!" akaondoka akicheza.

Taa nyekundu ya oili ikawaka, ikazima, ikawaka.

"Baba, hiyo taa ni ya nini?"

"Ya kawaida."

"Baba."

Nikamwangalia. Alikuwa na uso wake wa utotoni, ule wa kuniuliza kama radi inaweza kuingia ndani ya nyumba. Siku zile nilikuwa namdanganya vizuri. Hapo moshi ukachungulia ukingoni mwa boneti, mwembamba, wa bluu.

"Nasimama," nikasema.

"Usisimame!" Dada akanishika bega kwa kucha. "Kaka, usisimame, mama alisema nini? Songa hivyo hivyo, kanisa lile pale!"

Hata mimi nililiona, paa lake juu ya migomba. Yule dereva wa lori naye alikuwa anaona pale juu anapotaka kufika. Nikazima injini, nikavuta breki ya mkono, nikatoka mbio kuzunguka upande wa pili, nikajishika ukingo wa boneti, mkono ukalowa oili. Nikafungua mlango, nikamvuta binti kama gunia. Gauni likachanika mahali. Nikatafuta ile kamba ya kulaza kiti, mkono unateleza, siioni, wavu umeifunika, dada yangu anaita jina la Yesu na la mama kwa zamu. Nilipoipata niliivuta mpaka nikafikiri imekatika. Dada akatoka kwa magoti.

Fundi wangu alikuwa mwalikwa, gari lake la nyuma kabisa. Sijui alipandaje mlima ule mbio na suti yake na mtungi wa kuzimia moto. Akanizuia nisifungue boneti. Akasubiri, akaweka kiganja juu yake, akaifungua kidogo, akachungulia, ndipo akaiinua. Mpira mmoja wa oili, ule wenye nyuzi nyekundu, ulikuwa umelegea kwenye kiungo kwa joto, na oili inadondoka juu ya ekzosi, tone kwa tone, kila tone likipiga moshi. Moto haukuwepo.

"Bado kidogo liwake," akasema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Usiniulize leo."

Hakucheka, na yeye hucheka kila kitu. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko mwanzo.

Matarumbeta yakanyamaza. Watu wakasimama kwenye ukungu wanatuangalia, na mimi najua kila mmoja anawaza lile lile la kusimama njiani. Dada yangu akajipangusa magoti, akaliangalia gari, akamwangalia binti, kisha nikamwona amepata la kufanya.

"Gari ndilo lililosimama!" akapiga kelele. "Yeye hajasimama! Tembea, mwanangu. Tembea, usisimame, usiangalie nyuma! Nyie wenye matarumbeta mnangoja chai? Pigeni!"

Akamsukuma mgongoni. Binti akavua viatu, akakusanya gauni, akanishika mkono, tukapanda. Kila akipunguza mwendo shangazi yake anamsukuma: "Usisimame!" Pikapu ilibaki, wapigaji wakashuka wakatutangulia kwa miguu, wakipuliza na kuhema.

"Baba, unatetemeka."

"Baridi."

"Ni kweli," akasema, "kuna baridi." Akanibana mkono zaidi.

Mbele ya mchungaji ndipo nilipoona vidole vyangu kwenye mkono wa gauni lake, vinne na gumba, vyeusi vya oili, pale nilipomvuta. Mama yake alitaka kupafunika na maua. Binti akakataa, akasema paachwe.

Sasa vijana, rejeta ya oili. Ukiwa unakimbiza gari mpaka injini inalia kutwa, funga, tena funga kwa fundi anayejua. Ukiwa na gari la kutambaa nyuma ya matarumbeta, muulize fundi wako, na akikwambia hapana, usimjibu "kubwa". Yangu fundi ameifungua, ameitundika ukutani kwake. Gari bado ninalo na bado hakuna wa kunipita barabara ya Moshi. Ila mke wangu akiunguza chapati jikoni, mimi niliye sebuleni nakuwa nimeshasimama, natafuta nani nimtoe kwanza.