Ida na Kasuku Aliyefundishwa Upya Kula

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, malori yananguruma kwenye barabara kuu ya Mikumi, na Ida Rafaeli tayari ana kisu mkononi. Anakata karoti vipande vyembamba kama njiti za kiberiti. Anachambua mchicha jani moja moja. Anapasua papai dogo, na mbegu hazitupi. Anazikwangua na kuziweka pembeni kwa heshima zote.

Wageni wa nyumba hii ya kulala wageni, ambako Ida ni mpishi, bado hawajaamka. Chakula hiki wala si chao. Ni cha Diwani.

"Wageni wakiamka watakunywa chai na chapati, basi," anasema bila kuinua macho. "Huyu bwana ndiye mwenye masharti."

Diwani ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, umri miaka kumi na minane. Amesimama kwenye mgongo wa kiti, anamkagua mpishi wake. Jina alipewa huko Kilosa mjini kwa sababu maneno anayo tele na kazi hafanyi. Leo saa nne atapimwa uzito, na uzito huo ndio utakaoamua kama anarudi nyumbani kwake au la.

Nyumbani ni kwa Mzee Kasian, mstaafu wa reli mwenye miaka sabini na minne. Mkewe, Mama Agnesi, alifariki miaka miwili iliyopita. Watoto wako mbali na kazi zao. Nyumba ile ilibaki na sauti mbili tu, ya mzee na ya ndege.

Sasa, Diwani ana kipaji kimoja kilichotaka kumwua. Ukimwamkia shikamoo, anaitika "Marahaba!" kwa sauti nzito kama ya baba mkwe. Mtaa mzima ulimpenda kwa hilo. Kila aliyeitikiwa alimwachia kitu: karanga za kukaanga zenye chumvi, kipande cha andazi, kijiko cha pilau.

"Uitikiwe marahaba, halafu uondoke hujatoa kitu? Si utaonekana mchoyo!" anasema Ida, na kucheka.

Enzi za Mama Agnesi, mambo yalikuwa na kiasi. Alipofariki, waombolezaji walimiminika, na kila mmoja alimwamkia mzee, kisha akamwamkia ndege. Mzee naye kupika hakuwa na moyo. Alishinda na chai ya sukari na maandazi, nusu yake, nusu ya Diwani.

"Msiba ule mzee alikonda, ndege akanenepa," anasema Ida.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka jana, Herman, daktari wa mifugo, alimpima Diwani akakuta gramu mia tano na tisini. Manyoya ya kifua yalikuwa yamenyonyoka. Akiruka kutoka kitini hadi mezani, alihema kama amepanda mlima. Herman alisema ini limejaa mafuta, na chakula kisipobadilika ndege huyo hataiona masika ikiisha.

"Mimi nimezoea ng'ombe na kuku," anasema Herman, "ilibidi nipige simu Morogoro kwa mwenzangu anayejua ndege hawa. Lakini mafuta kwenye ini hayachagui mnyama."

Mzee Kasian aliuliza swali moja tu: "Na mimi nitaongea na nani?"

Swali hilo lilimfikia Ida, na lilimchoma. Alizaliwa Kisanga, na alikwenda Kilosa mjini akiwa na miaka kumi na saba kufanya kazi kwa Mama Agnesi. Ni mama huyo aliyemfundisha kupika. Leo ana miaka arobaini na tisa, na mshahara wa shilingi laki moja na elfu sabini kwa mwezi umesomesha watoto wawili.

"Nilimwambia mzee, nipe Diwani kwa miezi mitatu," anasema. "Kumpikia ndege? Nimepikia mabasi mazima mimi!"

Jeuri hiyo ilidumu siku mbili. Ida aliondoa karanga na alizeti zote kwa mpigo, akamwekea Diwani sahani ya mboga yenye rangi zote za sokoni. Diwani aliitazama, akaipa mgongo.

"Nilifikiri njaa ni mwalimu. Wanangu nimewalea hivyo. Hutaki? Acha, kesho utakula."

Kesho yake ndege hakula. Alijikunyata, manyoya yamemsimama, macho nusu yamefumba. Hata marahaba hakuitika. Ida alimpigia simu Herman, na Herman alimfokea.

"Rudisha mbegu sasa hivi! Kasuku anaweza kufa njaa na sahani imejaa mbele yake. Hajui kama hicho ni chakula!"

"Nililia," anasema Ida. "Nilijiona muuaji. Ningemwambia nini mzee?"

Alirudisha alizeti, kidogo kidogo. Siku ya tatu mchana, akiwa amechoka kwa mawazo, alikaa kula maharage yake, mchicha na pilipili kichaa pembeni. Diwani alishuka kitini, akatembea mezani, akanyakua pilipili nzima na kuitafuna na mbegu zake.

"Mungu wangu! Nikajua sasa nimemmaliza. Nikakimbilia maji."

Maji hayakuhitajika. Ndege hausikii ukali wa pilipili. Diwani alimaliza, akasogea tena kwenye sahani ya Ida, akachomoa jani la mchicha kutoka mdomoni mwa Ida mwenyewe.

Hapo ndipo Ida alipong'amua. Huyu si wa kuwekewa sahani peke yake. Anakula anachomwona mwenzake akila.

Tangu siku hiyo wanakaa pamoja kila asubuhi. Ida anatafuna karoti mbichi, Diwani naye. Ida anakula boga, mahindi mabichi, kunde na dengu zilizoiva vizuri, papai, pera, Diwani anafuata. Mara moja kwa wiki, kipande cha yai la kuchemsha. Kila siku kitu kimoja kinabadilishwa, maana amegundua kuwa Diwani akizoea, anadeka.

Petro, mlinzi wa pale, alicheka mpaka akachoka. "Dada Ida amekuwa mbuzi! Tukimkosa jikoni, tumtafute bustanini."

Karanga sasa ni moja au mbili kwa siku, safi, zisizo na chumvi wala dalili ya ukungu. Parachichi ni marufuku kabisa, kwa kuwa kwa kasuku ni sumu. Mgeni mmoja aliyemletea Diwani kipande alirudishiwa mkononi, tena mbele za watu.

"Alinuna," anasema Ida. "Anune. Mimi nimekabidhiwa roho."

Saa nne inafika. Gari la kukodi linasimama nje, anashuka Herman, kisha Mzee Kasian katika suti yake ya kanisani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Yuko wapi?"

Diwani anapandishwa kwenye mizani ya jikoni. Herman anainama, anasoma, anafuta miwani, anasoma tena. Gramu mia nne na themanini. Manyoya ya kifua yameota. Mzee anageukia ukutani na kutoa leso, na hakuna anayemharakisha.

Anapojikaza na kulifikia tundu la safari, Ida anaweka mkono juu ya kilango chake.

"Baba, nisamehe. Haondoki mpaka nikuone ukila."

"Nile nini?"

Sahani mbili zipo mezani, zinafanana kwa kila kitu. Mzee anazitazama. "Mimi? Karoti mbichi? Mwanangu, nina miaka sabini na minne!"

"Na Diwani ana kumi na minane, na amejifunza. Usipokula wewe, naye hali. Asipokula, unajua."

Herman anakohoa kuficha kicheko. Daktari wa presha amemhimiza mzee ale mboga kwa miaka mingi, na mzee hakusikia.

Mzee Kasian anaketi. Anatafuna karoti kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Diwani anamkodolea macho, anainamisha kichwa, anachukua yake. Mzee anachukua mchicha, Diwani anachukua mchicha. Ghafla mzee anaacha kutafuna.

"Agnesi alikuwa anakaa naye hivi," anasema taratibu. "Kila asubuhi, nikitoka kwenda stesheni. Nilikuwa namcheka, namwambia unakula na ndege kama huna mume. Kumbe alikuwa anamlisha."

Ida anampangusia baba yule meza, ingawa haina kitu.

"Niongeze mchicha," anasema mzee.

Ida anamwongeza. Baadaye, akifunga kikapu cha mboga za wiki, anaeleza mpango wake: kila Jumapili ya pili, akitoka ibadani, atakwenda Kilosa, na mizani yake ndani ya mkoba.

"Natumaini nitawakuta mezani," anasema. "Na nitawapima wote wawili."